Kielezi Kikae Wapi?

Mtoto wa Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, huamka na Kirundi, hununua na kuuza kwa Kiswahili, halafu masomo mengi huyapata kwa Kifaransa. Kiingereza humkuta na lugha tatu kichwani. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na sheria ya lugha ya 2014 ikakipa Kiingereza hadhi ya lugha rasmi kando ya Kirundi na Kifaransa. Kwa hiyo mtu aliyesoma miaka yake mingi kwa Kifaransa sasa hujikuta anaandika barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza, na humo mahali pa kielezi humsumbua kuliko msamiati.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kitenzi kikuu kikitanguliwa na kitenzi kisaidizi, vielezi kama "already", "never", "often" na "probably" huingia kati yao: "The bus has already left." "We have never lived in Musaga." "She will probably come." Visaidizi vikiwa vitatu, kielezi hufuata kile cha kwanza: "The bridge should already have been repaired." Utasikia pia "should have already been repaired", na si kosa, ila ukiwa na shaka shika ile ya kwanza.

Bujumbura kuna mazoea ya kukitwika Kifaransa lawama ya kila kosa la Kiingereza. Katika jambo hili tunakionea. Anayesema "J'ai déjà mangé" ameshajua mpangilio wa "I have already eaten". Anayesema "Il n'a jamais menti" hana la kujifunza kuhusu mahali pa "never". Kiswahili ndicho kisichomsaidia hapa, kwa sababu "limeshaondoka" limebeba kila kitu ndani ya neno moja.

Kifaransa humponza mtu penye kitenzi kimoja tu. "Je mange souvent du riz" humzalia "I eat often rice", ilhali Mwingereza husema "I often eat rice". Mtego mwingine ni "bien". Mwanafunzi huhamisha "J'ai bien compris" ilivyo na kupata "I have well understood". Vielezi vya namna hupenda kukaa mwishoni, baada ya yambwa: "I have understood the lesson well." Usivichomeke kati ya kitenzi na yambwa yake, "I have understood well the lesson", hapo sikio la Mwingereza hugutuka. Lakini katika kauli ya kutendwa "well" hurudi ndani, ikashikamana na kitenzi kikuu: "The house has been well built." Na "hier" ina kosa lake: "I have seen him yesterday" imepanga maneno sawasawa ila imekosea wakati wa kitenzi. Ukitaja jana, sema "I saw him yesterday".

Mahali pa kielezi pia huamua maana. "She has clearly not spoken" ni kusema kwamba ni dhahiri hakuzungumza. "She has not spoken clearly" ni kusema alizungumza, ila hakueleweka. Ukiandika muhtasari wa kikao, tofauti hiyo inaweza kumharibia mtu jina.

Wapo walimu, na si Burundi tu, wanaofundisha kwamba kisaidizi na kitenzi kikuu havitenganishwi kamwe. Ni woga uliotokana na marufuku nyingine, ile ya kutia neno kati ya "to" na kitenzi chake. H. W. Fowler aliukosoa katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza mwaka 1926, lakini haukufa. Tarehe 20 Januari 2009, mjini Washington, Jaji Mkuu John Roberts alimwapisha Barack Obama kuwa rais. Katiba ya Marekani inasema "will faithfully execute", kielezi katikati. Roberts, aliyekuwa akisema kwa kichwa bila karatasi, akakipeleka "faithfully" mwishoni kabisa. Obama akasita, jaji akajaribu kujirekebisha, maneno yakavurugika mbele ya dunia nzima. Kesho yake kiapo kikarudiwa Ikulu, kwa tahadhari ya kisheria. Mwanaisimu Steven Pinker aliandika katika gazeti la New York Times kwamba jaji, mtu anayejulikana kwa ukali wa sarufi, huenda aliongozwa na mazoea ya kukwepa kutenganisha vitenzi. Ni dhana tu, lakini mimi naiona ina mashiko: mtu haipotoshi sentensi anayoijua vizuri hivyo ila kama mkono wa sheria nyingine unamvuta.

Mwalimu wa Kiingereza wa Kanyosha, basi, asianze na orodha ya vielezi ubaoni. Aandike sentensi kumi za Kifaransa zenye "déjà", "jamais", "toujours" na "souvent" katika wakati uliopita, awaachie wanafunzi wazigeuze wenyewe. Saa ya somo iliyobaki aitumie kwa "bien" na "hier", na kwa sentensi za kitenzi kimoja, ambako makosa yapo kweli.