Waokoaji Wafahamiane Kabla ya Janga

Jumapili ya tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee na kuzama Likoni. Ndani yake mlikuwa na mama na bintiye. Gari hilo lilitolewa majini tarehe 11 Oktoba, siku ya 13 ya msako.

Jeshi la Wanamaji lilifanya kazi pamoja na wapiga mbizi wa mashirika mengine ya serikali na wa kibinafsi, wakiwemo waliotoka Afrika Kusini. Kila kundi lilikuja na vifaa na mazoea yake. Mkondo una nguvu, meli hupita papo hapo, na gari lilikuwa kwenye kina cha mita 58 hivi. Siku zilivyosonga, hasira za wananchi zilipanda. Taarifa za kila siku za msemaji wa serikali zilisaidia, kwani familia inayongoja ng'amboni haiwezi kujua ishike neno la nani.

Nani aongoze? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti kazi ya zimamoto na kukabiliana na majanga. Serikali ya kitaifa nayo imepewa majanga vilevile. Msalaba Mwekundu wa Kenya, ulioanzishwa kisheria mwaka wa 1965, una kazi yake pia. Mambo hayo huzungumzwa siku ya utulivu, si moto ukiwa umeshawaka.

Na moto ukiwaka Mji wa Kale, mambo ni magumu zaidi. Nyumba za mawe na boriti zimeshikana ukuta kwa ukuta, na vichochoro vingi havipitiki na gari la zimamoto. Vijana wa mtaa ndio wanaojua kisima kiko wapi na bibi gani wa ghorofani hawezi kushuka ngazi. Kikosi ambacho hakijawahi kutembea nao njia hizo kitapoteza dakika kikiulizia.

Baada ya mafuriko ni orodha zinazovunja imani: mashirika mawili yakiandikisha familia moja, jirani akakosa, hata msaada wa haki utashukiwa. Orodha moja, iliyokaguliwa na wazee wa mtaa, hupunguza manung'uniko hayo.

Anayepiga 999, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, ataje mtaa, msikiti ulio karibu, na iwapo gari linaweza kufika mlangoni.