Prosesa ya dola 589: nguvu ni nyingi, lakini inamfaa nani?

Mtu anayetafuta kompyuta ya mezani kwa kazi nzito, iwe montaji ya video za ndoa, studio ya muziki ao kuchora ramani za nyumba, mara nyingi anaanza na swali moja: je, ni i5, i7 ao i9? Wengi wanaamini kwamba namba ikiwa kubwa, kompyuta ni nzuri zaidi. Historia ya prosesa moja ya Intel inaonyesha kwamba mambo si mepesi hivyo, hasa kwa yule anayelipa kwa dola na anayefanya kazi mahali ambapo umeme unakatika kila siku.

Prosesa hiyo ni Core i9-14900K. Ilitoka tarehe 17 mwezi wa kumi 2023, na bei iliyopendekezwa na kampuni ilikuwa dola 589. Ina viini 24: viini 8 vya nguvu kwa kazi nzito, na viini 16 vidogo vinavyobana umeme. Inaweza kushika kazi 32 kwa wakati mmoja, na kasi yake inafika gigahezi 6.

Kwa kazi inayoweza kugawanyika, kama vile kutoa video ndefu ao kutengeneza picha za 3D, ni kati ya prosesa zenye nguvu zaidi za wakati wake. Hapo hakuna ubishi. Swali ni kile mnunuzi anachopata kwa kila dola anayoongeza.

Kwanza, i9-13900K iliyotoka mwaka mmoja mbele yake ilikuwa na viini 24 vilevile, na kasi ya gigahezi 5,8. Tofauti ya kasi haifiki hata asilimia 4. Aliyekuwa na ile ya kwanza hakupata sababu kubwa ya kutoa pesa tena.

Pili, kwa michezo ya video, Ryzen 7 7800X3D ya AMD ilikuwa na viini 8 tu na bei ya dola 449 ilipotoka mwezi wa nne 2023. Hata hivyo, katika michezo mingi ilikuwa sawa na i9 hiyo ao iliipita, huku ikila umeme kidogo sana. Siri yake ni memori ya ndani ya megabaiti 96, karibu na viini vyenyewe, wakati i9 ina 36. Mchezo hauhitaji viini 24. Unahitaji habari zifike haraka.

Umeme nao una bei

Kufuatana na kanuni za Intel yenyewe, i9-14900K ikifanya kazi kwa nguvu zote inaweza kula wati 253. Ikiendelea hivyo kwa saa nne, imekula karibu kilowati-saa moja, bila kuhesabu ekrani, kadi ya picha na vipande vingine. Moto wake pia ni mwingi: inaweza kufika digri 100, na feni ya kawaida haiwezi kuituliza. Inaomba mfumo wa kupoza kwa maji ao feni kubwa ya bei, pamoja na kadi-mama imara. Hizo ni dola zingine ambazo hazionekani kwenye bei ya prosesa.

Kwa anayetumia UPS, ile wengi wanaiita onduleri, hesabu ni ya lazima. UPS ndogo ya VA 650 mara nyingi inabeba wati 360 hivi. Prosesa ikila 253 na kadi ya picha ikila 150, tayari mzigo umepita. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta inazimika papo hapo, na video iliyokuwa inatoka inaweza kupotea.

Linganisha na Ryzen 7 7700, prosesa ya viini 8 iliyotoka mwezi wa kwanza 2023 kwa dola 329, na feni yake ndani ya boksi. Kiwango chake cha juu ni wati 88 hivi. Kwa kazi inayotumia viini vyote, inafanya takriban nusu ya kazi ya i9. Kwa hiyo video ambayo i9 inaimaliza kwa saa moja, hii itachukua karibu saa mbili. Lakini i9 itakuwa imetumia hadi wati-saa 253, na hii karibu 176. Anayelipa mafuta ya jenereta ao anayetumia batri za sola anaelewa maana ya tofauti hiyo.

Kasoro iliyoharibu jina

Jambo zito zaidi lilikuja kisha. Kuanzia mwisho wa 2023 na katika 2024, watumiaji wengi walilalamika kwamba kompyuta zao zenye i9 zinajifunga zenyewe, michezo inakatika, na programu zinatoa makosa yasiyoeleweka. Mwezi wa saba 2024, Intel ilikubali kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zinapokea volti ya juu kupita kiasi. Mwezi wa tisa ikaeleza kwamba volti na joto hilo vilikuwa vinachosha sehemu ndani ya kiini.

Kampuni ilitoa marekebisho yanayowekwa kupitia BIOS ya kadi-mama, na kuongeza garanti kutoka miaka mitatu hadi mitano. Lakini marekebisho yanazuia uharibifu mpya tu. Prosesa iliyokwisha kuumia haiponi. Kufuatana na Intel, prosesa za laptop hazikuguswa na tatizo hili.

Kwa mnunuzi wa Butembo, Bunia ao Lubumbashi, hapo ndipo hatari ilipo. Prosesa iliyotumika ikipita mikono mingi kabla ya kufika dukani, si rahisi kujua ilifanya kazi muda gani kabla ya BIOS kurekebishwa. Na garanti ya miaka mitano haisaidii sana kama hakuna boksi, hakuna faktura, na muuzaji wa kwanza yuko Dubai.

Basi, inunuliwe ao isinunuliwe? Studio inayotoa video kila siku, yenye umeme imara na faktura mkononi, inaweza kupata faida ndani ya i9 mpya. Kwa wengine wengi, prosesa ya viini 8 pamoja na memori ya gigabaiti 32 na diski ya SSD nzuri italeta faida kubwa kuliko i9 iliyozungukwa na vipande dhaifu. Kuna jambo lingine: i9-14900K ni ya kizazi cha mwisho kwenye soketi yake, wakati AMD imeahidi kuendelea na soketi ya AM5 hadi 2027 na zaidi.

Anayekuta i9 ya kizazi cha 13 ao 14 kwa bei ya kuvutia aombe mambo matatu kabla ya kutoa pesa: faktura, BIOS iliyosasishwa kisha mwezi wa tisa 2024, na jaribio la nusu saa mbele ya macho yake, prosesa ikifanya kazi kwa nguvu zote. Ikijifunga hata mara moja, pesa zibaki mfukoni.