Sare Moja Si Haki Moja

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya upili, nilikabidhiwa jukumu la nidhamu. Asubuhi moja, tukiwa gwarideni, nilimwona msichana wa kidato cha pili aliyejitanda mtandio mweupe juu ya sare yake. Nilimwita mbele ya wenzake, nikamwamuru auvue. Hakubisha. Aliufungua, akaukunja vizuri, akaniwekea mkononi, kisha akarejea mstarini akiwa ameinamisha kichwa. Juma lililofuata hakuonekana darasani. Baba yake ndiye aliyekuja, kuomba barua ya uhamisho.

Mzee huyo hakugombana nami. Alisema tu, "Mwalimu, wewe umefuata sheria yako, nasi tunafuata yetu. Lakini aliyekosa shule ni mtoto." Nilimjibu kwa maneno niliyoyaona ya busara wakati huo: kwamba shuleni wanafunzi wote ni sawa, na kwamba nikimruhusu mmoja nitakuwa nimewabagua wengine. Leo hii ningali nakumbuka jinsi jibu hilo lilivyonitoka kwa wepesi.

Ndugu msomaji, jibu langu halikuwa la kipuuzi. Wapo majaji wa nchi hii waliolitoa kwa lugha ya sheria. Mnamo Juni 2014, katika shule moja ya kutwa mjini Isiolo iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, naibu wa gavana alihudhuria hafla ya kutuza wanafunzi, akaomba wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare ya shule. Muda mfupi baadaye wasichana hao waliingia shuleni wakiwa wamevaa hivyo. Walipoagizwa warejee katika sare ya kawaida walikataa, na utulivu wa shule ukavurugika. Kanisa likaenda mahakamani. Mnamo Machi 2015, Mahakama Kuu huko Meru iliamua kwamba kuwaruhusu wasichana hao mavazi ya ziada kungekuwa ni kuwapendelea, na kwa hivyo ni kuwabagua wenzao.

Septemba 2016, Mahakama ya Rufaa ilikuwa na mawazo tofauti kabisa. Majaji watatu walieleza kwamba kanuni inaweza kuandikwa kwa usawa na bado ikawaumiza watu bila usawa. Ukisema kila mwanafunzi aache kichwa wazi, asiyefungwa na imani yoyote kuhusu kichwa chake hapotezi kitu. Anayeamini kwamba Mola wake amemwamrisha kujisitiri ndiye anayetakiwa kuchagua kati ya dini na darasa. Kitanda usichokilalia, wahenga walisema, hujui kunguni wake. Mimi nililala kitanda kisicho na kunguni, nikamshangaa aliyekuwa akijikuna.

Januari 2019, Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo wa rufaa. Hata hivyo, ni muhimu walimu na wanafunzi waelewe sababu yake, maana wengi wameisimulia vibaya. Majaji walio wengi waliona kwamba ombi lililohusu hijabu halikuwa limewasilishwa mahakamani kwa utaratibu ufaao, na kwamba mwenye kutaka haki hiyo angeweza kuanza upya katika Mahakama Kuu. Jaji mmoja alitofautiana nao. Kwa hivyo anayesimama gwarideni na kudai kwamba Mahakama ya Juu ilisema mtandio ni kosa anaibebesha mahakama hiyo neno ambalo haikulitamka.

Wala suala hili si la Waislamu peke yao. Mnamo 2017, Mahakama ya Rufaa ilikubaliana na Kanisa la Waadventista Wasabato kwamba wanafunzi wa imani hiyo wana haki ya kuabudu siku ya Jumamosi bila kulazimishwa kuhudhuria masomo. Septemba 2019, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba msichana Mrastafari aliyefukuzwa shuleni kwa sababu ya nywele zake alikuwa amebaguliwa kwa msingi wa dini. Msabato, Mrasta na Mwislamu: watatu hawa hawaabudu pamoja, lakini walibisha mlango mmoja wakiwa na malalamiko ya namna moja.

Katiba ya 2010 haikuwaacha walimu gizani. Ibara ya 8 inasema hakuna dini ya taifa. Ibara ya 27 inapiga marufuku ubaguzi, uwe wa moja kwa moja au wa kuzunguka, kwa misingi ya dini na mavazi miongoni mwa mingine. Ibara ya 32 inampa kila mtu uhuru wa kuidhihirisha imani yake, na inakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo linalopingana na imani hiyo. Aidha, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili wa shule nafasi ya kukuza maisha ya kiroho, lakini papo hapo inamtaka alinde imani za wengine.

Labda kuna watakaouliza: je, tukifungua mlango huu tutaufunga wapi? Kesho hatakuja mwanafunzi na kanzu, kesho kutwa mwingine na majani kichwani? Hofu hii naielewa. Sare ina manufaa yake. Inamfichia mtoto wa maskini umaskini wake, na inampa mwalimu urahisi wa kuwatambua walio wake. Lakini sheria yenyewe ina kipimo. Ibara ya 24 inaruhusu haki kuwekewa mipaka iwapo mipaka hiyo ni ya busara na ina sababu inayoridhisha katika jamii huru. Basi tuulize: Je, imani hii ni ya dhati? Desturi hii inamdhuru nani? Je, hakuna njia nyepesi ya kulinda utaratibu wa shule? Mtandio wa rangi ya sare hauvunji dirisha wala haumzuii mtu kusoma hesabu.

Kipimo hicho hakina budi kutumika pande zote. Shule inayofadhiliwa na jumuiya ya Kiislamu nayo haina ruhusa ya kumlazimisha msichana Mkristo kujifunika, wala shule ya kanisa kumlazimisha mtoto wa Kihindu kupiga magoti. Anayedai haki kwake na kuinyima kwa jirani hadai haki, anadai mamlaka.

Nanyi wanafunzi, nina neno lenu. Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, ila kwa amani na bila silaha. Hakuna ibara inayoruhusu kuvunja madirisha au kuchoma bweni. Ghasia humpa mkubwa kisingizio cha kuacha kusikiliza, na siku ya pili watu huzungumzia moto, si dhuluma. Kumbukeni kwamba kesi nilizozitaja zilisikilizwa kwa sababu kuna mzazi, kanisa au mtetezi aliyeandika, akatia sahihi, akasubiri. Kusubiri huko ni kuchungu, lakini kuna mengi yaliyobadilika kwa njia hiyo.

Walimu wenzangu, tusingoje kusukumwa na mahakama. Kesi hushughulika na jana, hali mtoto anahitaji kusoma leo. Bodi za usimamizi zinaweza kukaa na wazazi kabla ya muhula kuanza, zikaandika katika kanuni za shule ni nini kinachoruhusiwa, rangi gani na vipimo gani, ili mwalimu wa zamu asibaki akiamua kwa hasira saa moja asubuhi. Na pale tusipokuwa na hakika, tumwite mtoto pembeni badala ya kumwaibisha mbele ya halaiki. Twasema samaki mkunje angali mbichi, lakini akikunjwa kwa fujo huvunjika.

Siku ile baba yule alipotaka kuondoka, niliutoa mtandio katika saraka ya meza yangu nikamkabidhi. Ulikuwa bado umekunjwa vilevile alivyoukunja binti yake. Aliupokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akatoka na barua ya uhamisho. Sikumwuliza anampeleka binti shule gani, wala kama ameipata. Nilirudi darasani nikiamini nimewatendea wote sawasawa, na kiti kimoja kilikuwa kitupu.