Meza ya Ijumaa jioni: jinsi wanafunzi Wayahudi wanavyosaidiana chuoni



Katika mazungumzo yetu na familia zilizohama makwao kuna swali linalorudi kila mara: mtoto akipata nafasi ya kusoma mbali, nani atamwangalia huko? Mali imebaki nyuma, jamaa wametawanyika, na katika mji wa chuo hakuna anayejua desturi za kwao. Safari hii tumeona vema tueleze namna watu wengine walivyolijibu swali hilo. Hao ni Wayahudi, hasa wale wa Marekani. Kwa wasomaji wetu wa Lubumbashi si watu wageni kabisa, maana sinagogi la mji huo lilijengwa mwaka 1930, na wengi waliosali humo walikuwa wametoka kisiwa cha Rhodes kutafuta maisha Katanga.

Nyumba ya wanafunzi Wayahudi inayojulikana zaidi inaitwa Hillel, jina la mwalimu wa kale wa Yerusalemu. Ilianza mwaka 1923 kwenye Chuo Kikuu cha Illinois chini ya rabi kijana, Benjamin Frankel. Lakini mmoja wa waliosukuma jambo hilo alikuwa Mkristo, Profesa Edward Chauncey Baldwin. Yeye alisikitika kuona wanafunzi wake Wayahudi hawajui vizuri hata habari za wazee wao katika Biblia. Siku zile mambo hayakuwa mepesi. Mwaka 1922 mkuu wa chuo cha Harvard, A. Lawrence Lowell, alitaka Wayahudi wasizidi asilimia 15 ya wanafunzi. Vyama vingi vya wanafunzi viliwafungia mlango. Huko Hungaria sheria ya mwaka 1920 ilikuwa imekwisha kuwapunguza vyuoni.

Kwa ajili ya kufukuzwa huko, mwaka 1924 wanafunzi Wayahudi wa nchi mbalimbali waliunda umoja wao wa dunia. Mmoja wa viongozi wake wa kwanza alikuwa kijana mwanasheria, Hersch Lauterpacht. Viongozi wetu waliofuata kesi za mahakama ya The Hague wamesikia mara nyingi maneno «makosa dhidi ya ubinadamu». Basi, huyu ni mmoja wa waliofanya maneno hayo yaingie katika sheria ya mahakama ya Nuremberg mwaka 1945.

Turudi kwenye nyumba yenyewe. Kazi yake kubwa inaonekana Ijumaa jioni. Sabato ya Wayahudi huanza jua linapotua. Mishumaa inawashwa, divai na mikate miwili inabarikiwa, kisha watu wanakula pamoja. Nyama ya nguruwe haipikwi, na nyama haichanganywi na maziwa. Mwanafunzi mpya kwa kawaida halipi kitu, wala haulizwi kama anajua Kiebrania. Wengi wanaofika mara ya kwanza hawakulelewa katika sala. Wamekuja kwa sababu ya chakula cha moto au rafiki aliyewavuta mkono. Hakuna anayewacheka. Kesho yake anaweza kuombwa kusaidia jikoni, na baada ya muda kuchaguliwa katika kamati. Sisi tunaona hiyo ni njia bora kuliko kumpa mgeni fomu ya kujaza.

Kuna jambo moja ambalo watu walio nje hawalijui. Sala fulani za Wayahudi haziwezi kusomwa mpaka wapatikane watu wazima kumi. (Wenye kushika desturi ya zamani huhesabu wanaume tu, wengine huhesabu na wanawake.) Miongoni mwa sala hizo ni ile inayosomwa na mtu aliyefiwa. Mtoto aliyempoteza baba au mama huisoma kwa miezi kumi na moja. Fikirini basi msichana au kijana aliyepata habari ya msiba katikati ya mitihani, mbali na nyumbani. Hawezi kuomboleza kwa taratibu peke yake chumbani. Anahitaji wenzake tisa. Ndiyo maana simu hupigwa asubuhi mapema: «Tuko wanane, njoo.» Na anayeitwa huja hata kama si mtu wa dini, na hata kama hamfahamu marehemu. Familia zetu zilizozika watu njiani, bila matanga, zitaelewa jambo hili bila sisi kuongeza neno.

Nyumba hizi ziliwahi pia kupokea waliokimbia vita. Tom Lantos, kijana wa Budapest ambaye jamaa zake wengi waliuawa na Wanazi, alifika Marekani mwaka 1947 kwa msaada wa masomo uliotolewa na Hillel, akasoma Chuo Kikuu cha Washington. Kuanzia mwaka 1981 hadi kifo chake mwaka 2008 alikuwa mbunge huko, na akasimama sana kutetea haki za binadamu.

Haifai tuwapambie mambo. Ndani ya nyumba hizo mna ugomvi. Mwaka 2010 makao makuu ya Hillel yaliweka masharti kuhusu wasemaji wanaopinga taifa la Israeli. Wanafunzi wa chuo cha Swarthmore walikataa masharti hayo mwaka 2013, na mwaka 2015 wakaacha kabisa jina la Hillel. Baada ya shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023 na vita vya Gaza, mgawanyiko ulizidi. Katika maandamano ya mwaka 2024 kulikuwa na wanafunzi Wayahudi waliofanya Pasaka yao ndani ya mahema ya waandamanaji, na wengine walioogopa kupita hapo wakiwa wamevaa kofia yao ya dini. Kwa maoni yetu, kumfukuza mwenzako mezani kwa ajili ya siasa ni hasara kubwa, ila tunakiri kwamba ni rahisi kusema hivyo ukiwa mbali.

Mwisho, neno kwa familia ambazo watoto wao wamepelekwa Marekani kama wakimbizi na sasa wanasoma huko. Mwenzao Myahudi akiwaalika Ijumaa, waende bila woga; wageni wa dini nyingine hukaribishwa. Wasibebe chakula kilichopikwa nyumbani, kwa sababu ya miiko ya jikoni. Maua yatatosha, nayo yapelekwe kabla jua halijatua. Wasipige picha bila kuuliza, kwa kuwa wanaoshika Sabato hawatumii simu wala kamera. Wengine hawaandiki hata barua siku hiyo, na mtihani ukiwekwa Jumamosi huomba mapema wapangiwe siku nyingine. Wasomaji wetu Waadventista wanajua vizuri barua ya namna hiyo inavyoandikwa.