Winchi ya gari ikigoma, chunguza solenoidi kabla ya kulaumu mota

Na Mwandishi Wetu, Kilwa

KATIKA barabara ya Nangurukuru kwenda Liwale, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya changarawe na udongo, gari lililozama kwenye tope wakati wa masika huweza kukaa saa nyingi kabla ya kupita jingine lenye uwezo wa kulivuta. Ndiyo maana baadhi ya magari ya kazi yanayoingia ndani ya Wilaya ya Kilwa hufungwa winchi ya umeme kwenye bampa la mbele.

Tatizo ni kwamba winchi hiyo, ambayo huweza kukaa miezi mingi bila kuguswa, hugoma siku ileile inapohitajika. Dereva hubonyeza rimoti, husikia mlio mdogo wa "tak", lakini ngoma ya kamba haizunguki. Wengi huamua papo hapo kuwa mota imeungua na kuanza kutafuta fedha za winchi nyingine. Mara nyingi kosa halipo kwenye mota, bali kwenye solenoidi, kifaa ambacho bei yake ni ndogo kuliko ya winchi nzima.

Madereva wa pwani ya Lindi wanaifahamu vema thamani ya kifaa hicho. Hata baada ya Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, kipande cha takriban kilometa 60 kati ya Ndundu na Somanga kiliendelea kwa miaka kadhaa kuwatesa wasafiri kabla ya kuwekwa lami. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu hiyo katika eneo la Somanga. Winchi haiwezi kuvusha gari mahali ambapo barabara imesombwa, wala haipaswi kumtia dereva ujasiri wa kuingia kwenye maji yaendayo kasi. Kazi yake ni kulitoa gari kwenye tope na mchanga.

Solenoidi ni nini?

Solenoidi ni swichi inayoendeshwa na sumaku ya umeme, mfano wa ile inayokaa juu ya stata ya gari. Umeme kidogo kutoka kwenye rimoti hupita katika koili ya waya mwembamba. Koili hugeuka sumaku na kuvuta kipande cha chuma, nacho hukandamiza sahani ya shaba juu ya bolti mbili nene. Hapo ndipo umeme mwingi wa betri unapopata njia ya kwenda kwenye mota.

Kwa hiyo mlio wa "tak" humaanisha kwamba sumaku imefanya kazi. Haumaanishi kwamba umeme umepita.

Winchi yenye uwezo wa kuvuta tani nne hivi, inayotumia betri ya volti 12, huweza kula zaidi ya ampea 400 inapobeba mzigo wake kamili. Kwa kiwango hicho, ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu hupoteza volti 4, yaani theluthi ya nguvu ya betri, na kuzalisha joto la wati 1,600. Sahani ya shaba iliyoliwa na cheche, au nati iliyoshika kutu ya chumvi, yatosha kuleta ukinzani huo.

Jinsi ya kutambua kosa

Winchi nyingi za muundo wa zamani, mfano 8274 iliyotolewa na kampuni ya Warn ya Marekani mwaka 1974, hutumia solenoidi nne: mbili za kuvuta na mbili za kuachia kamba. Mota huwa ni moja kwa pande zote mbili. Hivyo winchi inayoachia kamba lakini haivuti, au kinyume chake, imekwisha kutoa jibu: mota ni nzima, na kosa linapaswa kutafutwa katika solenoidi za upande uliogoma, rimoti au waya zake.

Kama hakuna mlio wowote, fundi huanza na rimoti, waya mwembamba na ethi. Kama mlio upo lakini mota haizunguki, hupima volti kati ya bolti mbili nene za kila solenoidi inayopaswa kuwa imefunga, wakati swichi imebonyezwa. Solenoidi nzima huonyesha tofauti ndogo, sehemu ya kumi ya volti hivi. Tofauti ya volti moja au zaidi ni dalili kwamba shaba ya ndani imeungua.

Solenoidi zinazofunguka zinaweza kusuguliwa kwa msasa, ingawa hiyo ni dawa ya muda. Zilizozibwa kiwandani hubadilishwa. Kabla ya kufungua chochote, waya wa hasi wa betri uondolewe kwanza.

Hatari kubwa zaidi

Kosa la kuogopwa ni winchi kukataa kusimama. Betri inapokuwa dhaifu, koili hukosa nguvu ya kushikilia sahani. Sahani hurukaruka, cheche huruka, shaba huyeyuka na kugandana. Dereva huachia rimoti lakini mota huendelea kuvuta, na kamba ya chuma iliyokazwa ikikatika huweza kuua.

Kwa sababu hiyo, badiliko la kwanza linalofaa kufanywa ni swichi kubwa ya kukatia umeme kati ya betri na winchi, inayohimili ampea zote za mota na kufikiwa kwa mkono bila kuivuka kamba. La pili ni betri yenye afya na waya za shaba zenye unene wa milimita za mraba 35 au 50. Anayefunga solenoidi mpya juu ya waya dhaifu na betri iliyochoka atazichoma tena.

Baada ya hapo ndipo zibadilishwe solenoidi zenyewe. Badala ya nne, kinaweza kufungwa kifaa kimoja cha kazi nzito kinachogeuza mwelekeo wa mota, kama vile vinavyotengenezwa na kampuni ya Albright ya Uingereza. Viungo vinavyopitisha umeme mwingi hupungua, na pamoja navyo sehemu za kuharibika.

Kwa magari ya pwani, mahali pa kukifunga pana uzito sawa na ubora wa kifaa chenyewe. Kikikaa kwenye bampa, hupokea tope na maji ya chumvi kila safari. Kikihamishiwa ndani ya boneti, juu na mbali na injini, hudumu zaidi. Nati zake zisafishwe, zikazwe na kupakwa grisi, na gari lililopita ufukweni lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Matumizi nayo huokoa kifaa. Kapi likitumika, mzigo kwenye mota hupungua karibu nusu, na ampea hushuka pamoja nao. Injini iachwe ikinguruma, na winchi ipumzishwe kila baada ya mvuto mfupi, kwa kuwa altaneta ya kawaida haiwezi kurudisha umeme kwa kasi winchi inavyoula.

Jaribio la dakika chache kabla ya Machi, kwa kulivuta gari lenyewe kwenye mwinuko mdogo likiwa limefungwa kwenye mti imara, huonyesha udhaifu ambao winchi isiyo na mzigo huuficha. Ni heri solenoidi igome karibu na gereji kuliko usiku, katikati ya Njinjo na Liwale.