Rubabu: Bua la Kula, Jani la Kutupa

Mwaka 1839 Lin Zexu, ofisa aliyetumwa na mfalme wa China kukomesha biashara ya kasumba huko Guangzhou, alimwandikia barua Malkia Victoria wa Uingereza. Alidai kwamba nchi za kigeni haziwezi kukaa hata siku moja bila chai na rubabu kutoka China. Chai tunaielewa. Rubabu je?

Alichokuwa akikizungumzia ni mzizi mkavu wa mmea huo, dawa ya kulainisha choo ambayo Wachina wameitumia kwa zaidi ya miaka 2,000. Misafara iliupitisha Asia ya Kati hadi Ulaya, na Urusi kwa muda mrefu iliifanya biashara yake kuwa haki ya serikali pekee. Nguvu ya mzizi hutoka kwenye kemikali za kundi la antrakinoni, zikiwemo senosaidi, zilezile zilizomo katika sanamaki tunayoijua pwani. Huuchochea utumbo mpana usukume, na huzuia maji yasifyonzwe kurudi mwilini. Kwa hiyo tahadhari ya sanamaki ndiyo ya mzizi wa rubabu: ni dawa ya siku chache. Anayeizoea huharisha, tumbo humsokota, na mwili hupoteza potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto mdogo wasipewe bila kauli ya daktari.

Wazungu walianza kuila rubabu kwa wingi baadaye, sukari iliposhuka bei, kwa kuwa bua lake ni chachu mno. Huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, wakulima huiacha mizizi ikue shambani kwa miaka miwili bila kuvuna, kisha huihamishia kwenye mabanda yenye joto na giza totoro. Humo mabua hurefuka kwa chakula kilichohifadhiwa mzizini, yakawa laini na mekundu ya kupendeza. Wavunaji huyachuma kwa mwanga wa mishumaa, maana mwanga mkali ungeyakomaza.

Bua hilo lina faida, ingawa sioni sababu ya kulisifu kupita kiasi. Sehemu kubwa ni maji. Gramu 100 za mabua mabichi zina kalori 21 hivi, nyuzinyuzi za kusaidia choo, na vitamini K ya kutosheleza takribani robo ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Anayetumia wafarini kuzuia damu isigande amweleze daktari wake kabla ya kuanza kulila mara kwa mara. Kalsiamu nayo imo, lakini nyingi imeshikwa na asidi ya oksaliki, na mwili hauipati.

Asidi hiyo ndiyo inayolifanya jani kuwa sumu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chakula kilipopungua Uingereza, watu walishauriwa kupika majani ya rubabu kama mboga. Baadhi waliugua, wengine wakafa. Ili jani liue kwa oksaliki, kwa kawaida lingehitaji kuliwa kwa wingi sana, lakini kutapika, koo kuwaka na figo kuumia huweza kuanza mapema zaidi. Kulichemsha hakulifanyi kuwa salama.

Mchicha na spinachi pia vina oksaliki, na tunavila bila woga, kwa sababu mwili wenye afya humudu kiasi cha kawaida. Tatizo ni kwa mwenye figo dhaifu au aliyewahi kupata mawe ya figo: mawe mengi hutokana na oksaliki kuungana na kalsiamu. Mtu huyo aiepuke rubabu, au aile kidogo baada ya kushauriwa. Kwa wengine, kuila pamoja na maziwa au mtindi husaidia, maana kalsiamu ya maziwa huikamata oksaliki tumboni kabla haijaingia kwenye damu.

Tusisahau sufuria. Nyingi za majumbani mwetu ni za alumini, na asidi ya rubabu huila alumini. Tumia sufuria ya stili, na uangalie sukari unayoongeza, kwani bakuli la rubabu lililojaa sukari halimfai mgonjwa wa kisukari. Ukilinunua fungu la rubabu likiwa na majani yake, yakate yote uyatupe kabla hujaanza kupika, mbali na watoto na mbuzi.