Hatari Ipi Itangulizwe?

Katika kila mkutano wa mipango huja saa ambapo mwenyekiti huuliza: Ni mambo gani yawezayo kutuharibia kazi hii? Hapo kila mtu hupata la kusema. Huyu ataja wezi wa saruji, yule bei ya dizeli, mwingine barabara wakati wa masika. Katibu huandika yote mpaka orodha ikafika ishirini. Kisha kila hatari hupewa alama mbili, moja ya uwezekano wa kutokea na moja ya uzito wa madhara yake. Alama huzidishwa, na hatari yenye jumla kubwa huandikwa juu. Hatuubezi utaratibu huo, maana kuandika ni bora kuliko kusahau. Lakini twaona kwamba orodha ya namna hii yaweza kuwa sahihi kwa hesabu na bado ikaficha jambo kuu: ni hatari ipi ambayo, ikiwa kweli, kazi nyingine zote zitakuwa bure?

Ndugu atakaye ushahidi na aitazame habari ya karanga za Kongwa.

Mwaka 1946 Waingereza, waliokuwa wametoka vitani, walikuwa na dhiki kubwa ya mafuta ya kula. Bwana Frank Samuel wa United Africa Company alitoa shauri kwamba karanga zilimwe Afrika ya Mashariki kwa mashine. Tume ya watu watatu, ikiongozwa na John Wakefield aliyepata kuwa mkuu wa kilimo Tanganyika, ilizunguka kwa wiki tisa, na sehemu kubwa ya nchi iliitazama kutoka angani. Ikapendekeza kulimwa eka 3,210,000, nyingi zaidi zikiwa Tanganyika, kwa gharama ya paundi milioni 25 hivi. Mapema mwaka 1947 watu wa kwanza wakafika Kongwa.

Tusiwacheke watu wale, kwani hawakuwa wavivu wala hawakukosa orodha ya hatari. Waliziona vizuri sana zile zilizosimama mbele ya macho yao. Kulikuwa na kichaka cha miiba kilichoshonana, na mibuyu yenye nyuki ndani yake. Matrekta yalikuwa haba, basi wakanunua mitambo iliyobaki baada ya vita, hata ile iliyokuwa Ufilipino, na nyingi ikaharibika upesi. Wakageuza vifaru vya vita kuwa matrekta, wakayaita Shervick. Bandari ya Dar es Salaam ilisongamana; basi kule kusini ikaanzwa bandari mpya ya Mtwara, na reli ya kwenda Nachingwea. Kila kizuizi kilipata mhandisi wake na fungu lake la fedha. Hata hivyo, kwa mwaka wa kwanza walitarajia kulima eka 150,000, wakapanda eka 7,500 tu.

Lakini kichaka, trekta na bandari ni hatari za aina moja: fedha, muda na jasho huziondoa. Hatari mbili zilizoiua kazi ile hazikuwa za aina hiyo. Ya kwanza ni udongo. Kila mkulima ajua kwamba karanga huzaa chini ya ardhi, wala haitoshi kwamba mmea umestawi. Lazima ardhi ikubali kuuachia. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Mvua ikikoma na jua likiwaka, hukauka ukawa mgumu kama sakafu, na mchanga wake hula majembe ya plau. Karanga zilizokwisha kuota, kuchanua na kukomaa zikafungwa humo kama zilizotiwa katika saruji. Ya pili ni mvua yenyewe. Ilipopungua katika msimu wa 1948/49, hapakuwa na mhandisi wa kuitengeneza.

Je, hatari hizi zilikuwa siri? Wagogo hulima mtama na uwele na kufuga ng'ombe, wala hawakuchagua hivyo kwa kukosa mbegu za karanga. Nchi yao iliwahi kuonja njaa iliyoitwa Mtunya, kati ya 1917 na 1920, iliyoua watu wengi sana. Habari za mvua ya Ugogo zilikuwa katika vichwa vya wazee wa Ugogo. Na ugumu wa udongo ungejulikana kwa mtu mmoja, jembe moja na kiangazi kimoja. Jaribio la eka chache kwa misimu miwili au mitatu lingegharimu kiasi kisichotajika mbele ya mamilioni yale.

Walijibu kwamba njaa ya mafuta haingoji. Jibu hilo lina uzito, na tungelisikia hata leo katika kamati yoyote yenye tarehe ya kufungua mradi. Lakini tazama mwisho wake. Januari 1951 Serikali ya Uingereza iliuacha mpango ule mkubwa, ikafuta hasara ya paundi milioni 36 hivi, na kilichobaki kikapunguzwa kiwe cha majaribio ya kilimo. Yaani jaribio lililokataliwa mwanzoni kwa kuwa lingechelewesha, lilikuja mwishoni, baada ya fedha kwisha. Reli ya Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na leo Kongwa pana ranchi ya taifa ya ng'ombe, mnyama aliyekuwapo kabla ya trekta la kwanza.

Kwa hiyo, kabla ya kuzidisha alama, twashauri wanakamati wazitenge hatari zao. Zipo ambazo fedha zikiongezwa huondoka. Hizo zaweza kungoja zamu yake. Zipo ambazo zikithibitika hakuna fedha itakayozitibu. Hizo ndizo za kutanguliza, hata kama uwezekano wake waonekana mdogo, na hasa ikiwa kuzichunguza ni rahisi. Tuseme tawi lataka kuchimba kisima katika nchi kavu ya kati. Wajumbe watajadili nusu siku juu ya mlinzi wa pampu, kwa kuwa wizi wameuona. Lakini maji ya ardhini katika sehemu nyingi za Dodoma yana chumvi. Na yapimwe hayo kwanza, ndipo pampu inunuliwe. Pampu isiyonunuliwa haihitaji mlinzi.

Twaongeza neno moja, ili tusieleweke vibaya. Hatari ndogo iliyo karibu yaweza kuipita kubwa iliyo mbali: ukuta usioezekwa na masika yanaanza wiki ijayo hauwezi kungoja uchunguzi wowote. Tena iko hatari ambayo wakubwa husahau kabisa kuiandika, nayo ni hali ya wafanya kazi. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kwa ajili ya ujira na ugumu wa maisha, na mgomo ule ukapanda bara kwa kufuata reli, njia ile ile iliyopitisha shehena za Kongwa. Mtu aliyepanga meli, matrekta na mbegu, asipange chakula cha anayevipakua, amepanga nusu.

Basi katika mkutano ujao, orodha itakaposomwa, mjumbe mmoja na asimame aulize juu ya kila hatari: Hili tutalijua lini, na kwa gharama gani? Kisha aulize ni nani katika chumba kile aliyewahi kulima, kuchimba au kujenga mahali penyewe. Ikiwa hayupo hata mmoja, mkutano uahirishwe mpaka aitwe.